Wimbo Uliosahihishwa

Saint Paul, Minnesota
14 Novemba 2016

Kwa Mzee Bagalwa,

Salamu nyingi. Hunijui. Naitwa Kerubo, ni Mkisii wa Kenya, na nakaa Champlin na mama yangu. Anwani yako nimepewa na Mchungaji Niyibizi wa kanisa lenu la Richfield. Aliniambia kwamba katika miji yetu ya huku Minnesota hakuna anayekushinda kwa solfa, ile do-re-mi ya maandishi, na kwa Kiswahili cha zamani. Akaongeza kwamba wewe ni mkali. Nimeamua kujaribu bahati yangu.

Nafanya kazi katika hifadhi ya nyaraka ya chuo kimoja hapa Saint Paul. Rafiki zangu wote ni manesi, na mama yangu bado anawaambia watu kanisani kwamba hii kazi ya makaratasi ni ya kusubiria tu. Kwa sasa ninapanga masanduku tisa ya barua za kikazi za Profesa Edvin Halvorsen, aliyefundisha nadharia ya muziki hapa kuanzia 1908 mpaka alipofariki mwaka 1931. Huyu bwana hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikuwa akiwaandikia walimu wa misheni wamtumie nyimbo za kwao kwa solfa, naye akikaa mezani kwake akizipima: huu una sauti tano, ule una sita, huu unaanzia hapa na kuishia pale. Mwaka 1926 akatoa kitabu.

Katika sanduku la saba kuna barua sita za Kiswahili kutoka kwa mwalimu mmoja wa Kongo, jina lake Hategekimana, wa milima ya upande wa Rutshuru. Solfa nilijifunza kwenye kwaya ya shule, lakini mwandiko wake na baadhi ya maneno yake yananishinda. Nakutumia nakala za barua mbili. Ukinisaidia kuzisoma nitashukuru sana.

Ofisi inataka mambo haya yote yawe kwa maandishi ili yahifadhiwe, ndiyo maana sikupigii simu. Kuna fomu pia. Tafadhali tia sahihi mahali patatu.

Wako,
Kerubo


Richfield
23 Novemba 2016

Binti yangu Kerubo,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mchungaji amekudanganya. Mimi si mkali, ila siwavumilii wanaochelewa mazoezi na wanaoimba chini ya sauti, na kwa bahati mbaya hao ndio kwaya yote.

Barua zako nimezisoma, na maneno yaliyokushinda nimeyaandika upya kwenye karatasi ya pili. Mwalimu Hategekimana ana mwandiko mzuri. Tatizo ni macho ya vijana, yamezoea simu. Barua ya kwanza anamweleza profesa habari za ngoma na zeze. Katika ya pili anasema hivi: "Katika barua ijayo nitakuletea pia wimbo ambao mama zetu humwimbia mtu anayetoka nyumbani asirudi, akiwa bibi arusi au akiwa maiti." Nilipofika hapo nilivua miwani.

Nitakueleza kwa nini. Mke wangu Ernestine ni wa milima hiyo hiyo. Anaumwa figo. Mara tatu kwa wiki mjukuu wetu Héritière anampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, na kila wiki anarudi mdogo kuliko alivyokwenda. Daktari hatufichi kitu. Mwezi wa tisa Ernestine aliniomba jambo moja tu. Alisema, "Siku nikiondoka, niimbieni wimbo wa mama yangu. Na kabla sijaondoka niusikie, nijue kama mnaujua."

Ni wimbo huo, binti yangu. Mwanzo wake naukumbuka kidogo, mwisho siukumbuki. Yeye mwenyewe aliacha kuimba zamani, kwa sababu ya koo, na nikimwomba auimbe niuandike ananiambia pumzi haitoshi. Kaka na dada zake walifia vitani. Apple Valley kuna mama mmoja wa kwao, Donatille, anasema anaujua. Nilimsikiliza mara moja. Mwishoni sauti yake inapanda na kubaki juu, haishuki. Siwezi kuandika kitu kwa sikio la mtu asiyefundishwa. Wimbo lazima urudi do, hata mtoto anajua. Usiporudi do ni kama mtu aliyetoka nje Januari akaacha mlango wazi.

Nitafutie wimbo huo kwenye masanduku yako. Sijawahi kukuona uso, lakini nakuomba kama ninavyomwomba mtoto wangu.

Fomu nimetia sahihi mahali pote patatu. Chuo chenu kinapenda sana jina langu.

Papa Bagalwa


Saint Paul
7 Desemba 2016

Kwa Papa Bagalwa,

Samahani kwa kuchelewa. Pole sana kwa ugonjwa wa Mama Ernestine. Mama yangu ni nesi na anaijua mashine hiyo vizuri. Anasema umwangalie chumvi, na usimwache anywe maji mengi hata akikuomba vipi.

Wimbo nimeupata. Nakuletea ukurasa wa 112 wa kitabu cha profesa, wenye solfa na maneno yote. Umechapishwa vizuri na hauna utata kama mwandiko wa mkono. Nimeuimba kimya kimya hapa ofisini mpaka msimamizi wangu akanitazama. Ni wimbo mzuri, Papa. Unatembea taratibu, halafu unashuka do kama ulivyosema.

Natumaini utafika mapema. Fomu nyingine imo ndani, safari hii ni ya ruhusa ya nakala. Usinichukie.

Wako,
Kerubo


Richfield
10 Januari 2017

Binti yangu,

Heri ya mwaka mpya. Mungu akulipe kwa ukurasa ule. Nakuandikia kukushukuru, na pia kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni na hapa nyumbani hakuna wa kumwambia.

Tulifanya mazoezi wiki nne. Niliwagawia sauti nne, nikawafundisha maneno, na Pacifique wa besi, ambaye hajawahi kuja kwa wakati tangu afike Amerika, alikuja kwa wakati. Juzi Jumapili baada ya ibada tukaja wote hapa nyumbani, watu kumi na wawili, tukajipanga kati ya kochi na kitanda. Ernestine alikuwa amevaa kitambaa chake cha kijani. Alikuwa amekaa akituangalia kama mtoto anayengoja zawadi. Sijamwona hivyo miaka mingi.

Tukaimba. Nakuambia ukweli, kwaya yangu haijawahi kuimba hivyo. Tulishuka do ya mwisho pamoja, laini, hakuna aliyetangulia wala aliyebaki nyuma. Wamama walikuwa wanalia. Mimi nikageuka kumtazama.

Akasema, "Asanteni sana wanangu, Mungu awabariki." Akawauliza kama wamekula. Kisha, watu walipokuwa wanavaa makoti, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa wa kwetu ataniimbia nani?"

Nikamwambia, "Huu ndio wa kwenu! Umetoka kwenye kitabu, uliandikwa na mwalimu wa kwenu mwenyewe." Akageukia ukutani. Héritière akaja akasema, "Babu, she's tired, let her rest," yaani amechoka, nimwache apumzike, nami nikaenda jikoni. Nilikasirika, Kerubo, nakiri. Wiki nne za kazi. Lakini hasira imekwisha, na swali lake limebaki.

Je, ulinitumia wimbo wenyewe? Kuna mwingine katika barua zile? Tafadhali angalia tena, na usichelewe. Mashine inamchosha sana sasa, na ameanza kusema kwamba ataiacha.

Papa Bagalwa

Nimerudisha fomu. Kama zipo nyingine, kaa nazo huko. Zimenichosha.


Saint Paul
31 Januari 2017

Papa yangu Bagalwa,

Barua hii ningepaswa kuiandika mwezi wa kumi na mbili. Nimekukosea, na nitakuambia bila kuzungukazunguka.

Wimbo ulikuwepo pia kwa mkono wa Mwalimu Hategekimana, kwenye barua yake ya tatu, ya mwaka 1924. Niliuona. Karatasi imechanika katikati na ilikuwa inangoja kutengenezwa, na bila idhini siruhusiwi kuitolea nakala. Nikaona nisikusumbue. Nikakutumia uliochapishwa. Na kuna jambo baya zaidi. Niliona kwamba mwandiko wa mkono haumalizikii do. Unaishia re, sauti ile inashikiliwa, basi. Nikadhani mwalimu alikosea. Nilifundishwa kama wewe, Papa. Nikajiambia profesa ndiye anayejua.

Ulipoandika alichosema Mama, nilitafuta idhini, na imenichukua wiki mbili. Nakala iko hapa ndani ya bahasha. Safari hii hakuna fomu hata moja.

Tazama chini ya mstari wa mwisho. Profesa ameandika kwa penseli, kwa Kiingereza, kwamba mwimbaji alitoka nje ya sauti, kwa hiyo ameirudisha do. Na nimeikuta barua aliyompelekea mwenzake wa Chicago mwezi alioipokea barua hiyo ya tatu. Anasema mwalimu wake wa Kongo ni mwaminifu sana lakini sikio lake halijafundishwa, na kwamba amemwondolea makosa kumi na saba.

Sasa soma barua ya tano ya Hategekimana, ya 1926, baada ya kupelekewa kitabu. Nainakili hapa kwa sababu wino umefifia:

"Bwana mpendwa, kitabu nimekipokea na kinapendeza. Lakini wimbo wa mama zetu mmeufikisha nyumbani. Wao hawaufikishi. Anayesindikizwa yuko njiani bado, nao hawajui kama amefika, basi huiacha sauti ya mwisho imesimama. Niliuandika kama walivyouimba. Nawaomba sana muurudishe ulivyokuwa."

Hakujibiwa. Barua ya sita ni ya 1927, mistari minne tu. Anasema anaandika tena maana labda ile ya tano ilipotea. Haikupotea. Ninayo hapa mezani, na muhuri wa kupokelewa upo juu yake.

Mwimbie Mama hivyo, Papa. Ukiweza mwimbie leo. Na unisamehe.

Kerubo


Saint Paul
27 Februari 2017

Papa yangu,

Jana Mchungaji Niyibizi aliniambia. Nimelia, na mama yangu amelia, ingawa hakuna kati yetu aliyemwona Mama Ernestine kwa macho. Pole sana, Papa. Mungu akutie nguvu, wewe na Héritière na nyumba yote. Mchungaji alisema alilala tarehe kumi, na mkamzika Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Laiti ningejua, tungekuja.

Najiuliza tangu jana kama bahasha yangu ilikufikia, na kama alisikia. Usinijibu kama ni vigumu.

Lililobaki ni la ofisi, na naona aibu kuliandika sasa. Lakini msimamizi amenipa mpaka mwisho wa Machi kuyafunga masanduku. Kila karatasi lazima iwe na maelezo mafupi: ni nini, nani aliandika, nani alichangia. Chini ya wimbo ule sijui niandike nini. Sitaki kuandika peke yangu tena.

Kerubo


Richfield
21 Machi 2017

Binti yangu Kerubo,

Usilie tena kwa kosa lako. Kosa lako ni dogo, kaa chini nikuoneshe kubwa.

Bahasha yako ilifika tarehe nne Februari, siku ya Jumamosi. Naikumbuka vizuri kwa sababu niliichukua mimi mwenyewe kwenye sanduku la barua. Niliona muhuri wa chuo nikasema, fomu hizi tena. Nikaiweka juu ya friji. Ernestine alikuwa ameiacha mashine siku mbili kabla. Alikuwa hapo chumbani, hatua kumi kutoka kwenye friji hiyo, akili zake timamu, akizungumza. Alikaa hivyo siku nne. Siku ya tano akalala tu, na ya sita akaondoka, asubuhi, Héritière amemshika mkono. Siku hizo zote nilipita mbele ya friji nikichukua barafu ya kumlowesha midomo.

Kwa hiyo hakusikia. Umeniuliza, nimekujibu.

Kuhusu mazishi. Theluji ilikuwa magotini, na walikuwa wamechimba kwa mashine. Kwaya yote ilikuja, watu wa Richfield, watu wa Apple Valley, hata Wakenya wa kanisa la jirani. Nikasimama mbele kuongoza, ingawa mchungaji alinisihi nikae. Nilisema hapana, nimemwahidi. Tukaimba wimbo wa ukurasa wa 112, tukashuka do, na do ile ilikuwa safi.

Wote waliponyamaza, sauti moja ikatokea nyuma. Ilikuwa ya Mama Donatille. Alichukua ile sauti ya mwisho akaipandisha, re, akaishikilia, macho ameyafumba. Nami, Kerubo, nikainua mkono. Ni mkono wa mwalimu wa kwaya, miaka arobaini umezoea, hauulizi. Nilimwonyesha anyamaze, kama ninavyomwonyesha yeyote anayetoka nje ya sauti. Akanyamaza. Ni mama mwenye heshima, akainamisha kichwa. Nikampa mchungaji ishara aendelee na sala.

Nilirudi nyumbani. Watu walipoondoka nilitafuta cheti cha hospitali juu ya friji, nikaikuta bahasha yako, nikaifungua.

Sasa sikiliza ambalo sikukuandikia mwezi wa kumi na moja. Nilikuambia Ernestine aliacha kuimba kwa sababu ya koo. Nikakuambia pia kwamba mwisho wa wimbo siukumbuki. Nilidanganya yote mawili. Koo lake lilikuwa zima. Mwaka 1981, Goma, nilikuwa kijana nimetoka kozi ya muziki, najua kila kitu. Tulikuwa tunamuaga binti wa mchungaji aliyekuwa anaolewa mbali, na Ernestine akaleta wimbo huo kwenye mazoezi, akauanzisha kwa furaha. Alipofika mwisho nikamsimamisha. Nikamwambia, shuka do. Akasema, "Kwetu hatushuki." Wenzake wakacheka, mimi nikaona amenivunjia heshima. Nikamrudisha mstari ule mara kumi na moja mbele ya kwaya nzima, na mara zote kumi na moja aliishia palepale. Nikamwambia hana sikio. Alikaa chini, na tangu siku hiyo hakuimba tena nikiwa karibu, si kanisani, si jikoni, si kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale watoto walipokuwa wanakataa kulala. Nikiingia alikuwa ananyamaza. Mimi nilidhani amenyenyekea.

Mwezi wa tisa aliponiomba wimbo, alikuwa ananipa nafasi. Naliona hilo sasa. Miaka thelathini na tano baadaye, mgonjwa, alitaka kujua kama nitamsikiliza mara moja. Nikamletea watu kumi na wawili nyumbani kwake wamwonyeshe kwamba mimi ndiye niliyekuwa sawa.

Nimekwenda Apple Valley kwa Mama Donatille. Nilimwomba msamaha, akanipa chai, akasema yamekwisha. Nilimwomba anifundishe wimbo. Nilikuwa na nakala yako mkononi, naisoma vizuri, kila alama. Lakini tukifika mwisho koo langu linashuka lenyewe. Nalizuia, linashuka. Ananiambia, "Papa, usiufunge." Najaribu tena. Sijaweza. Naweza kuandika sauti ile, naweza kukueleza ni ya ngapi na imekaa wapi, ila kuitoa kifuani siwezi.

Kwaya nimemwachia Pacifique. Anachelewa, lakini hajui kumnyamazisha mtu.

Sasa maelezo yako ya ofisi. Andika hivi, usipunguze: Wimbo huu uliandikwa sawasawa na Mwalimu Hategekimana mwaka 1924. Ulisahihishwa na Profesa Halvorsen huko Saint Paul, na tena na Bagalwa huko Goma, na tena na Bagalwa huko Richfield. Wote wawili walikosea. Kisha weka jina la Ernestine. Usiandike kwamba alikuwa mke wangu. Mbele ya jina lake andika: mwimbaji.

Bagalwa